Aliyekuwa Nyuma ya Dagny

Halvor Tveit alikuwa na miaka mitatu kaburini, lakini kila mkewe alipoteremka Mlima Corrigan kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, Halvor alikuwa nyuma yake.

Dagny hakumwambia mtu. Mwanamke wa miaka sabini na mbili akisema anamsikia marehemu mumewe, watu wa Montana hawambishii. Wanamletea keki, kisha wanakwenda kumsemea kwa daktari. Isitoshe, hakuwa na cha kuwaonyesha. Akigeuka haoni kitu ila theluji, na alama za skii zake mwenyewe zikipinda huku na huku mlimani. Ni sauti tu: mkwaruzo wa skii mbili, ya kushoto ikichelewa kidogo, kwa sababu ya lile goti la Halvor lililovunjwa na teke la farasi. Enzi za uhai wake Halvor hakukubali kutangulia. Aliwaweka mbele mkewe na mwanawe, yeye akafuata, amwokote atakayeanguka. Siku alipoanguka yeye, moyo ukimgomea ghalani, hakukuwa na mtu nyuma yake.

Mwaka wa kwanza Dagny aliogopa. Wa pili akazoea. Mwaka huu wa tatu alijikuta akiisubiri theluji ya kwanza kama msichana anayesubiri mgeni wake.

"Bibi, ni magoti yako yanayolia au hiki kiti?" aliuliza Tilda asubuhi ile ya Februari. Walikuwa wamekaa wawili, kiti kikiwapandisha mlimani kwa waya, miguu inaning'inia juu ya misonobari. Tilda alikuwa na miaka kumi na sita na ulimi usiolala.

"Ni kiti. Magoti yangu yakilia, hata mama yako huko nyuma atasikia."

"Nikikushinda leo, chokoleti ya moto juu yako."

"Nenda zako! Nimeanza kuteremka mlima huu baba yako hajaota meno."

Tilda alicheka, na bibi yake akacheka. Raha hii uzee ulikuwa bado haujamnyang'anya. Kwenye ngazi za nyumbani Dagny alikuwa kikongwe, anashika ukuta. Juu ya skii ilikuwa kazi ya mlima kumpeleka. Yeye alihitaji tu kuegemea upande huu, kisha upande ule, upepo ukimchoma mashavu. Asubuhi nzima waliteremka wanne pamoja, yeye na Tilda, na mwanawe Erland na mkewe Corinne, wakipigiana kelele za ushindi.

Baada ya chakula cha mchana ukungu ulishuka, mzito kama maziwa.

"Mama, tuishie hapa," alisema Corinne. "Ukungu huu si wa kuchezea."

"Mara moja tu, tufunge siku," Erland alimbembeleza mkewe. "Tutafuata ile njia pana. Wewe na Tilda mbele, halafu mimi, halafu Mama. Mtu asikaribie miti."

Wakashuka. Kufumba na kufumbua Dagny alibaki peke yake kwenye weupe, hajui juu ni wapi wala chini ni wapi, anaufuata mlima kwa nyayo. Lakini nyuma yake mkwaruzo ulikuwepo, wa kulia, kisha wa kushoto, naye hakuwa na hofu.

Katikati ya mteremko, mkwaruzo ule ukasimama.

Haukuwahi kusimama hata siku moja. Dagny naye akasimama, jasho likimtoka ndani ya koti. Halvor alikuwa na sababu moja tu ya kusimama: mtu wake ameanguka. Lakini watu wake wote si wako mbele? Aliita, "Erland!" Ukungu ukaimeza sauti. Akatazama theluji pembeni mwa njia, na hapo juu kidogo, mahali alipokwishapita, akaona alama za skii za mtu mmoja zikiingia mitini. Za kutoka hazikuwepo.

Alipanda ubavu ubavu, akikita fimbo zake, pumzi zikimpaa. Alama zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye msonobari mkubwa. Chini ya matawi, palipokuwa na shimo la theluji laini, ncha za skii mbili zilikuwa zimeelekea angani, mwenyewe amezama kichwa chini. Hazikutikisika.

Alivua skii moja akaifanya koleo. Alichimba, akaitupa, akaingia kwa mikono, analia na kufukua kama mbwa, mpaka vidole vikagusa kofia, kisha shavu, kisha mdomo uliojaa theluji. Akaikomba kwa kidole.

"Pumua! Pumua, mwanangu! Erland, usinifanyie hivi!"

Erland akakohoa. Waokoaji waliotumwa na Corinne walipowafikia, walimkuta Dagny amempakata mwanawe wa miaka arobaini na saba, kofia yake amemvisha.

Jioni, nyumbani, Erland alikaa karibu na jiko, mkono uliovunjika ukiwa kwenye plasta. Corinne alikuwa juu anamtuliza Tilda.

"Ulijuaje, Mama? Ulikuwa umeshanipita."

Dagny alilisogelea jiko. "Baba yako alisimama. Huwa namsikia nyuma yangu. Leo akasimama."

Alitegemea mwanawe acheke, au amwonee huruma. Erland hakufanya hata moja. Uso ulimwiva, kisha ukapauka.

"Ndiye aliyeniita," alisema.

"Nani?"

"Baba. Nilisikia mluzi wake mle mitini. Ule wa kutuita chakulani, chini halafu juu. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba amekufa. Niliitika tu, kama nilipokuwa mdogo, nikaingia."

Dagny hakulala vizuri. Aliyemwita mtoto shimoni na aliyemsimamisha mama njiani, ni mmoja? Halvor alijuta, au aliwataka wote wawili? Mtu aliyezoea kuwa na watu mbele yake sasa hana hata mmoja, na mpweke huita.

Asubuhi alirudi mlimani. Tilda alitaka kumfuata, akamkatalia. Jua lilikuwa kali, theluji inaumiza macho. Mkwaruzo ulimfuata toka juu, na alipofika usawa wa ule msonobari akasimama, nao ukasimama. Hakugeuka.

"Halvor," alisema. "Kama jana ulinionyesha, asante. Kama ulimtaka mtoto, aibu yako. Ana mke, ana binti. Mimi nitakuja, lakini sijamaliza hapa. Wewe nenda. Usitufuate tena."

Kisha, kutoka mitini, mluzi: chini, halafu juu.

Miguu yake ilitaka kwenda. Alishangaa jinsi ilivyotaka. Akakita fimbo, akauma meno, akajisukuma kuelekea bondeni, na machozi yakamgandia kwenye miwani. Hakuna kilichomfuata.

Machi, Erland alipofunguliwa plasta, walipanda tena wote wanne. Theluji ilikuwa imeanza kulainika. Corinne na Erland walisema Mama amepunguza mwendo, uzee huo. Hawakujua kwamba alikuwa akisimama kusikiliza, na kwamba kila aliposikiliza na kukosa, alifiwa upya. Alikuwa amemzika mumewe mara mbili, na mara ya pili kwa mdomo wake mwenyewe.

"Bibi! Umeota mizizi?" Tilda alipaza sauti kutoka chini. "Mama kaanguka kwenye dimbwi, njoo umwone!"

Corinne alikuwa amekaa kwenye maji, miguu juu, Erland akimvuta kwa mkono wake mzima na kuteleza naye. Dagny aliwafikia, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha wakaenda mkahawani, wakaagiza viazi vya kukaanga. Alikula vyake vyote, akaomba vingine.