Ukulele Kifuani mwa Hyasinti

Watu wa Ukata wanasema nilikwenda msibani kufanya fujo. Waongo. Nilikwenda kuzika kama wao, kanga begani na unga kwenye mfuko. Fujo niliikuta palepale, imelazwa kifuani mwa maiti, imeviringishiwa rozari.

Naitwa Hildegardi, fundi wa Kitai. Karakana yangu iko nyuma ya stendi. Natengeneza vitanda na milango kama mafundi wenzangu, lakini huku kwetu nafahamika kwa ukulele, vile vigitaa vidogo vya nyuzi nne. Ya kwanza tuliachiwa na mwalimu mmoja mgeni. Baba aliibandua gundi, akapima kila kipande, akaigandisha upya, kisha akatengeneza ya kwake. Ya kwake ililia vizuri kuliko ile ya mgeni. Baba alipofariki nilirithi randa, patasi na hasira zake.

Ukulele zangu haziuzwi, na anayekuja kuulizia bei namwonyesha barabara. Mbao za mninga nazikausha darini, juu ya moto wa jikoni, kule kule tunakoweka mahindi, mpaka moshi uzikolee na zisijikunje tena. Ukulele ikikamilika inakwenda kwa mpigaji, naye anaipiga mpaka atokee mwingine anayestahili. Hapo tunakaa wapigaji wote, tunakubaliana, inapokezwa. Kwa hiyo zinatembea. Zinatoka Mbinga mjini zinakwenda Ukata, zinateremka hadi ziwani, zinapanda tena. Hakuna ruhusa ya kusema "ukulele yangu". Anayesema hivyo namnyang'anya, na nimeshamnyang'anya hata mwalimu mkuu mmoja mbele ya wanafunzi wake.

Ile ya Hyasinti ilikuwa ya mwisho kutoka mikononi mwa baba. Hyasinti alikuwa mkulima wa kahawa wa Ukata, mtu mpole, mchekaji, na alikaa nayo kuliko mtu yeyote kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kupiga. Tulikuwa tunakutana uani kwake kila kahawa ikishavunwa, na yeye ndiye aliyekuwa anafungua wimbo.

Aliyefuata zamu alikuwa Zita. Zita anakaa Lituhi, ziwani, anakausha usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, na nyuzi zote tunazopiga zinatoka kwake. Yeye ndiye anayetuchagulia mshipi wa kuvulia, mnene kwa mwembamba, anauvuta juani usilegee, halafu anatuma kifurushi kwa basi. Amewafungia watu nyuzi mpaka wamekuwa wapigaji wa kusifiwa, mwenyewe hana chombo, anaazima kwenye mikutano na kurudisha jioni. Jambo hilo liliniuma. Pasaka iliyopita nikalisema waziwazi, wote wakakubali, Hyasinti mwenyewe akakubali: kahawa ikiisha, ukulele ya baba inateremka Lituhi.

Kahawa haikuisha. Hyasinti alianguka shambani kwa presha, akafariki kabla hawajamfikisha barabarani.

Zita alipanda kutoka ziwani siku hiyohiyo, akalala kwangu, asubuhi tukachukua bodaboda kwenda Ukata. Hakuuliza habari ya ukulele hata mara moja. Mimi ndiye niliyemwambia njiani kwamba tukishazika, nitaichukua nimpe mbele ya watu wote, kama Hyasinti alivyotaka. Alinishika mkono tu.

Nyumba ilijaa. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kigango, wanawake chini kwenye mikeka, na katikati ya uwanja jeneza la vioo lenye maua ya plastiki kila kona. Hilo lilikuwa jeneza la Wilfred, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye mashine ya kukoboa kahawa Mbinga mjini. Alikuja na mpiga picha. Wilfred huyuhuyu alikuwa anaiita ukulele "kibao cha wavivu". Siku ya ubatizo wa mjukuu wake alimfukuza mdogo wake uani, mbele ya wageni, kwa sababu alikuja nayo. Nilipopita mbele yake sikumpa Shikamoo, na nilihakikisha ameona kwamba simpi.

Katekista Mansuetus akatangaza kuaga mwili. Tukapanga mstari. Mimi mbele, Zita nyuma yangu, wapigaji wengine nyuma yetu.

Nikainama. Hyasinti alikuwa amevaa suti. Shingo ya ukulele ilikuwa imeegemea begani kwake, vidole vyake vimewekwa juu ya nyuzi, rozari imezungushwa kwenye vigingi vya kukazia. Kandoni mwa jeneza vijana wawili walishika mfuniko, wanangoja mstari uishe wapige misumari.

Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Mninga ule baba aliukausha mpaka ukawa mweusi kwa moshi, akauchonga macho yake yakiwa tayari yanafifia, anautazama kwa vidole. Leo mchwa wa Ukata wapewe?

"Nani ameweka hii humu?" niliuliza.

"Dada Hildegardi, sogea," Mansuetus alininong'oneza. "Wengine wanangoja kuaga."

"Nauliza nani ameweka hii humu!"

Nikamgeukia Wilfred.

"Wewe! Kibao cha wavivu leo kimekuwa pambo? Alipokuwa hai ulimfukuza nacho, amekufa unamfunga nacho apigwe picha? Huna haya?"

"Mimi nimeleta jeneza," Wilfred alisema. "Hayo mengine siyajui. Heshimu msiba wa watu, mama."

"Ukulele si ya marehemu! Si ya ukoo wenu! Ni ya wapigaji, na mwenye zamu ni huyu hapa!"

Nikaingiza mkono. Nasema wazi, niliingiza mkono ndani ya jeneza, nikaviondoa vile vidole kimoja kimoja, nikaitoa ukulele pamoja na rozari yake. Kinamama wakapiga yowe. Kwetu anayechukua kitu kwa maiti ana jina moja tu, na Gaudiosa, shangazi yake marehemu, hakusita kulitaja.

"Mchawi! Jamani, mchawi mchana kweupe! Mmemwona kwa macho yenu!"

"Mchawi ni anayezika chombo kizima," nilimjibu. "Zita, shika."

Zita hakushika. Alikuwa ameficha mikono ndani ya kanga, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akamkanyaga aliyekuwa nyuma yake.

"Mama, nisamehe. Siwezi."

"Huwezi nini? Shika, mwanangu, ni yako sasa."

"Imetoka mwilini mwa mtu. Nitalala nayo nyumba moja vipi? Wavuvi wakisikia, nani atanunua usipa wangu?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nitengenezee nyingine, Mama. Hata kama ni mbaya. Nitangoja."

Nikawageukia wale wengine. Stella wa Kitai, ambaye nilimfundisha mwenyewe hata kuishika ukulele, alikuwa anatazama viatu vyake. Alex, mtumishi wa halmashauri, mtu wa kuja aliyetufundisha nyimbo za kwao, alisema polepole kwamba hata kwao haifai. Haifai! Watu hawa miaka yote tunakaa tunaimba kwamba chombo hakina mwenyewe, chombo ni cha mkono ulio tayari, na leo mkono ulio tayari haupo hata mmoja. Nilitamani kuwachapa wote na ubao.

"Irudishe, tufunge," Wilfred alisema.

"Irudishe tu, Dada, yaishe," Mansuetus naye akadakia.

"Sirudishi. Mkitaka kuizika, nizikeni nayo."

Sikuwa natania. Mchawi nimeshaitwa, cha kupoteza kilikuwa kimebaki nini? Nilikuwa nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, na vijana wawili wa ukoo walishaanza kunijia, ndipo Aurelia aliposimama.

Aurelia ni mjane wa Hyasinti. Tangu tufike alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kichwa cha jeneza, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, hasemi, halii. Ukweli ni kwamba sikumbuki kama niliwahi kumsikia akisema jambo lolote zaidi ya karibu chakula.

"Waacheni," aliwaambia wale vijana. Kisha kwa Wilfred, "Shemeji, samahani, umetukanwa bure." Halafu akanitazama mimi. "Niliiweka mimi."

"Wewe?" Hasira yangu ilikosa pa kukanyaga kidogo, ikapata. "Wewe Aurelia unayejua kabisa ni ya wote?"

"Ya wote," alirudia, na sauti yake ilitetemeka kwa ghadhabu, wala si kwa kilio. "Kila mwaka mnakuja uani kwangu. Nawapikia. Mnakaa mnagawana zamu, sasa iende kwa fulani, sasa kwa fulani, na mimi napita katikati yenu na sufuria ya maharage. Nani aliwahi kuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Kama napiga!"

Aurelia aliisukuma kanga ikamtoka kwenye nyusi.

"Hyasinti akienda shamba, naipiga. Akienda mnadani Kitai, naipiga. Alinifundisha mwenyewe, na mengine nikamfundisha mimi. Alisema atawaambia. Kila mwaka anasema mwaka huu nitawaambia, na mkifika anaona haya, anafungua wimbo. Pasaka nilikuwa mlangoni nawasikia mnaipeleka Lituhi. Nikaingia ndani nikalala chini. Sasa amekufa, na mimi nikasema, kama haiwezi kuwa mkononi mwangu, basi isiwe ya mtu."

"Kwa nini hukusema?" nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea mjane mbele ya jeneza la mumewe. "Mdomo si unao?"

"Ningemwambia nani? Wewe? Wewe unayenyang'anya watu mpaka walimu wakuu?"

Mtu mmoja kwenye mabenchi alicheka, akajizuia. Nilitafuta la kumrudishia, na kila nililolipata lilikuwa linamhusu Wilfred, au Zita, au mchwa.

"Lete," Aurelia alisema, akanyoosha mkono.

"Huiogopi?"

"Nimelala na mwenyewe tangu usichana wangu. Niogope mbao?"

Nikampa. Akaizungusha rozari kutoka kwenye vigingi, taratibu, akamrudishia mumewe mikononi, akamfunga vidole vizuri pale nilipomvuruga. Kisha akakaa juu ya kigoda, akaivuta ukulele mpaka chini ya titi, akapiga.

Mtu anayejaribu namjua, hata nikiwa nimempa mgongo. Aurelia hakuwa anajaribu. Ulikuwa wimbo wa Hyasinti, ule wa kufungulia, lakini hakuupiga kama Hyasinti aliyekuwa anaukimbiza. Yeye aliushika chini, gumba linagonga uzi mnene kwa nguvu kama anayetwanga, vidole vingine vinajibu juu yake, na mahali ambapo Hyasinti alikuwa anaruka, yeye alipita katikati bila kuruka kitu. Ukulele ya baba ilipiga kelele za kweli. Sijawahi kuisikia hivyo, nami nimekua nayo nyumba moja. Zita aliitoa mikono kwenye kanga, na vidole vyake vya kushoto vikaanza kumfuatisha hewani.

Hata Gaudiosa alikaa chini. Kijana mwenye nyundo aliiweka kwenye majani.

Nilikuwa bado na hasira, msifikiri ilikwisha. Niliwakasirikia waoga wangu, nilimkasirikia Hyasinti aliyelala pale na haya zake, nilimkasirikia Aurelia kwa kutaka kumpa udongo kitu cha baba. Lakini aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko mimi alikuwa amekaa mbele yangu, amekunja uso vilevile kama ninavyokunja mimi, na kila alipogonga ule uzi mnene nilisikia ananigonga mimi.

Alimaliza ubeti wa kwanza akasimamisha mkono.

"Huyu binti atangoja," aliniambia, bila kuniangalia. "Nimengoja mimi, naye atangoja. Mtengenezee, na safari hii umuulize kwanza mama aliyemzaa kama naye anapiga." Halafu akawatazama wapigaji wote, mmoja mmoja. "Mtaitikia, au mmekuja kunitazama?"

Akaanza upya. Mansuetus ndiye aliyeitikia kwanza, kwa sauti ya kanisani, kisha Zita, kisha Alex na Stella, kisha mabenchi, na hata Wilfred midomo yake ilikuwa inacheza. Nikaitikia na mimi, nimekunja uso, kwa nguvu zangu zote.