Usifungue Hata Nikikuita

Mtaani walimwita Komeo. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya nondo, na nyumba yake mwenyewe aliifunga kiasi kwamba majirani walitaniana kuwa hata panya wa pale huingia kwa miadi. Mkewe, fundi cherehani, alicheka pamoja nao. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na vyumba vitatu, cherehani moja na mazungumzo yasiyokwisha.

Woga ulimwingia Komeo pale nyumba iliyo nyuma yao ilipovamiwa. Wezi walimkaba mwenye nyumba sebuleni, wakamwekea kisu shingoni, wakamlazimisha amwite mkewe aliyekuwa amejifungia chumbani. Mke akasikia sauti ya mumewe, akafungua. Kipigo alichokipata kilimwacha na jicho moja.

Wiki hiyohiyo Komeo alitia mlango wa chuma kwenye chumba cha kulala.

"Sikiliza, bibie," alimwambia mkewe, akilijaribu komeo lake huku na huku. "Tukisikia jambo, wewe ingia humu, funga, mpigie simu jirani yetu muuza maziwa. Mimi nitaangalia. Usifungue mpaka umsikie yeye. Hata nikikuita."

"Hata wewe?"

"Hasa mimi."

"Basi tuwe na neno letu la siri."

"Mtu mwenye kisu shingoni ana siri gani? Na nilivyo mwoga, nitalitaja kabla hawajaniuliza."

Walicheka. Lakini alimwapisha, naye akaapa.

Jumapili moja jioni, kabla giza halijaingia, mvua ilishuka kwa fujo. Mke alikuwa akipiga pindo sare za shule, mume akinoa mkasi wake. Mara kishindo kikasikika uani, kisha kukwaruza, kama mtu anayepanda ukuta. Komeo akainuka na nyundo.

"Ingia ndani."

"Twende wote."

"Bibie, tulikubaliana."

Aliingia, akafunga. Muuza maziwa, jirani wa ng'ambo ya barabara, hakupokea simu. Mke alipiga tena, na safari hii jirani akapokea. "Nakuja na watu," alisema. "Usitoke."

Mke akasikia mlango wa uani ukifungwa, kisha hatua nzito, za kujivuta. Nyundo ikaanguka sakafuni.

"Bibie. Fungua."

Haikuwa sauti yake ya kila siku. Ilikuwa imebanwa, kama ya mtu aliyeshikwa koo. Mke akaweka mkono kwenye komeo, akauondoa.

"Wako wangapi?" alinong'ona.

"Hakuna mtu. Niko peke yangu. Fungua, mke wangu... kifua..."

Mtu aliyelazimishwa angesema hivyohivyo. Angesema hakuna mtu. Mke alichuchumaa, akauma shuka asije akamjibu tena. Kucha zilikwaruza chuma, chini kabisa ya mlango. Baadaye ikabaki mvua tu.

Muuza maziwa na wenzake walipofika, walichungulia dirisha la sebule. Mke akamsikia muuza maziwa akipiga kelele: "Jirani! Ni mimi! Hakuna mwizi, bati la jiko limeng'oka! Fungua upesi, mzee ameanguka!"

Alivuta komeo. Mlango ulifungukia ndani, na mumewe, aliyekuwa ameuegemea, akamwangukia miguuni. Ilimbidi amruke ili akawafungulie watu mlango wa mbele.

Hospitalini walisema ni moyo. Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya usingizi, na mke alimshika mkono wa koti.

"Ningefungua mapema, angepona, mwanangu?"

"Labda, mama. Siwezi kukudanganya."

Msibani kila aliyemkumbatia alimwambia kwamba hakukosa, kwamba alitimiza kiapo, kwamba ajali haina kinga. Yeye aliitikia tu, "Ahsante, ahsante," kama anayepokea vyombo vya watu.

Wa mwisho kuwasili alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyemlea Komeo tangu mama yao alipofariki. Alisubiri wageni watoke, akavuta kiti.

"Wifi, nataka nisikie kwako. Alikuita?"

"Aliniita."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Nilidhani wamemkaba."

"Mimi ningefungua," alisema wifi.

Hakulisema kwa ukali. Mjane aliitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza, tangu mazishi, lililomfikia moyoni, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio cha mtu aliyechelewa. Wifi hakumbembeleza. Alisubiri kilio kipungue, kisha akaenda jikoni, akaosha sufuria zote zilizoachwa na wageni, akarudi akijipangusa mikono.

"Nitalala wapi?"

"Popote upendapo, wifi. Kitanda ni kimoja."

Walilala pamoja, kila mmoja ameelekea upande wake. Kulipokaribia kupambazuka, wifi alipeleka mkono nyuma, bila kugeuka, akaupapasa mkono wa mwenzake, akaushika. Mjane akauacha ushikwe.