Mlango wa Pipa la Babu

Mume wangu Eutimio ni mbishi. Nimeishi naye miaka arobaini na sita na sijamsikia akisema "nimekosea", hata siku ile aliyotumbukiza trekta mtoni.

Miaka mitano alitunza mvinyo wa shamba letu la juu ndani ya pipa la babu yake, pipa la mwaloni linalofika darini, na kila aliyeingia baa ya kijiji aliambiwa kwamba mvinyo huo utapata lebo ya buluu. Hapa Rioja, nchi ya mvinyo ya Uhispania, hata mtoto anajua: lebo ya kijani ni ya mvinyo usiolazimika kukaa, crianza hukaa miaka miwili, reserva mitatu, na buluu ni gran reserva, mitano, miwili kati yake ndani ya pipa la mwaloni. Baba yake Eutimio aliuza mvinyo kwa madumu, hakuwahi kuomba lebo yoyote. Eutimio aliitaka hiyo buluu kwa moyo wake wote.

Masika haya binti yetu Nieves akarudi, baada ya miaka kumi na miwili ya kutengeneza mvinyo wa watu wengine. Alitaka kubaki, ashike kazi ya mvinyo wetu. Alilizunguka pipa, akakuna kichwa.

"Baba, hili halihesabiki. Kanuni inataka mapipa madogo, lita mia mbili ishirini na tano hivi. Hili ni lita elfu sita."

"Mwaloni ni mwaloni!"

"Si kwa mkaguzi wa lebo."

"Mwite basi! Akisema kama wewe, ufunguo wa ghala nakupa. La sivyo, rudi huko huko kwa waajiri wako."

Niliumia. Mtoto tunaye huyo mmoja tu.

Mkaguzi alikuja Jumanne, kijana mwenye adabu. Alionja, akafumba macho, akaonja tena. Kisha akalipima pipa kwa utepe.

"Mvinyo mzuri sana, don Eutimio. Lakini kwenye karatasi haujakaa ndani ya mwaloni hata siku moja. Lebo yake ni ya kijani."

"Kijani? Sawa na ule wa jirani Gaudencio wa mwaka jana, wa kusafishia madirisha?"

"Sawa na huo," akasema mkaguzi, taratibu.

Eutimio akatoa ufunguo kiunoni, akauweka mezani, akatoka kwenda kukaa uani. Viazi vyangu na soseji hakuvigusa. Niliwakasirikia wote wawili, yeye kwa kiburi chake na binti kwa kusema kweli.

Nilidhani kesho yake Nieves ataleta mapipa yake madogo na pipa la babu litakuwa kuni. Badala yake aliuonja mvinyo siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya nne akamfuata baba yake uani.

"Baba, nikiuhamishia kwenye mapipa madogo, buluu tutaipata baada ya miaka michache. Lakini mbao mpya zitaimeza ladha yake. Umeshaiva huu. Tunautia kwenye chupa hivi hivi, na kijani chake."

"Watatucheka."

"Wacha wacheke mpaka wafungue chupa. Mavuno yajayo, nusu naweka kwenye mapipa madogo, nusu kwenye pipa la babu. Au ufunguo sina mimi?"

Nilifurahi, sifichi.

Tulipomaliza kujaza chupa, pipa likabaki tupu. Huoshwa kutoka ndani, na mtu huingia kwa kimlango kilicho chini, chembamba kama cha banda la kuku. Miaka yote aliingia Eutimio peke yake, mwingine hakuruhusiwa hata kukisogelea. Siku hiyo aliinama, magoti yakagoma. Aliinuka akishika mbao. Kisha akawasha mshumaa, akauingiza ndani kupima hewa, akangoja. Haukuzimika.

"Ukizimika, huingii, hata nikikuita mimi mwenyewe," alimwambia Nieves. "Haya, vua koti. Bega la kushoto kwanza."

Viatu vya binti yangu vikatoweka ndani ya pipa. Halafu sauti yake ikatoka, nzito, si kama yake.

"Baba, nianzie wapi?"

Eutimio akapiga magoti sakafuni, magoti yale yale yaliyogoma, akaingiza kichwa mlangoni na kuanza kumweleza. Chakula kikapoa, na sikuwaita.