Mlango wa Bafu la Mwalimu Nélida

Mama yake alipoteleza bafuni, Mirtha aling'oa komeo la mlango, akaniambia mimi niliyeajiriwa kumtunza mama huyo, "Zulma, akioga, simama naye humohumo. Akianguka, utanijibu wewe."

Mama mwenyewe, Mwalimu Nélida, ana miaka themanini na minne, na nusu ya mji huu wa Salto imepita darasani kwake. Naye akanipa amri yake. "Sikiliza, binti. Marehemu mume wangu hakuwahi kuniona nikioga. Wewe nani? Utakaa nje, mlango umefungwa."

Tukapatana: ataoga huku akisema tebo za kuzidisha kwa sauti. Sauti ikiendelea, siingii. Mirtha hatukumwambia, na hilo lilinikosesha amani kila asubuhi.

Siku ya Jumanne Mwalimu alianza vizuri. Tebo ya mbili, ya tatu, mpaka ya sita, zote zikapita. Mimi nje, taulo mkononi.

"Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane…"

Kimya. Maji yakaendelea kumwagika.

"Mwalimu?"

Nikagonga. Kimya. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Akilini nilishauona mpaka ubongo kwenye vigae, na wala sikuwa nimesikia chochote kikianguka. Nikiingia bure, hataniamini tena. Nisipoingia, je?

"Naingia, Mwalimu! Nimejiziba macho kwa taulo!"

Nikachungulia pembeni mwa taulo. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, mzima, sabuni mkononi, analia.

"Ni ngapi?" akauliza.

Nilimshukuru Mungu na kuogopa papo hapo. "Hamsini na sita."

"Watoto wangapi niliwasimamisha ukutani kwa hiyo hamsini na sita!" Akanishika mkono. "Usimwambie Mirtha. Atanipeleka kwenye nyumba ya wazee."

Nilitamani kuapa. Lakini vidonge vya moyo anajimezea mwenyewe, na siku akisahau kwamba ameshameza, akarudia, kiapo changu kitamsaidia nini?

"Siwezi kumficha, Mwalimu. Ila sitakusema nyuma ya mgongo wako. Akija tutakaa meza moja, na utaanza wewe kusema."

"Asiponisikiliza?"

"Nitamwambia akusikilize."

"Wewe? Unavyomwogopa hivyo!"

"Namwogopa sana."

Akajifuta pua kwa mkono wenye povu. "Basi toka. Niko uchi."

Nikatoka, nikafunga mlango. Tebo hakuzianza tena, nami sikuthubutu kumwomba. Nilisimama pale roho juu, nasikiliza maji tu.