Pikapu Isiyooshwa

Mama Viti hakuwa na mapenzi na magari. Kwake gari lilikuwa kama sufuria: likipika, zuri, likivuja, tupa. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na maturubai, na pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake ndiyo iliyobeba kila kitu. Lakini pikapu ilikuwa imechoka. Mara ya mwisho ilizimika njiani na viti vyote mgongoni, bwana harusi na bibi harusi wakaanza sherehe wamesimama. Wateja wake wakubwa wakamwambia bila kumung'unya maneno: ukichelewa tena, tunatafuta mwingine. Alihitaji lori dogo lisilozimika, na alilihitaji mapema.

Mumewe naye alikuwa na gari lake. Mtaa mzima ulimwita Nikeli kwa jinsi alivyosugua bampa za gari hilo la kale, alilolibatiza Malkia. Malkia alilala gereji chini ya shuka safi kuliko la kitandani. Alipigwa rangi upya, akawekewa viti vya ngozi, akatiwa injini nyingine. Hakwenda popote. Mvua ingemchafua, jua lingempausha.

"Tatizo lako dogo sana, mke wangu," Nikeli alisema. "Tunamweka Malkia rehani, tunapewa mkopo, unanunua lori, na Malkia anabaki wetu. Matajiri hawauzi vitu vyao. Wanavikopea."

"Matajiri wana cha kulipia."

Hata hivyo mthamini wa kampuni ya mikopo alikuja, na glavu nyeupe na tochi. Alimzunguka Malkia kama daktari aliyekwishajua majibu.

"Rangi si yake," alisema. "Viti si vyake. Injini si yake." Akarudisha shuka taratibu, kama anayemfunika maiti. "Labda honi."

"Honi nilibadilisha mwaka jana," Nikeli alisema kwa sauti ndogo.

Mthamini alikuwa anaelekea getini alipoiona pikapu, na kuku amejilaza kwenye boneti. Akapiga magoti kwenye mchanga na suruali yake ya pasi.

"Mama, hii imewahi kupigwa rangi?"

"Kwa pesa gani?"

"Kubadilishwa injini?"

"Si ilikuwa inawaka?"

"Kuoshwa?"

"Mvua ikinyesha."

Mthamini alivua miwani akajifuta macho. "Haijaguswa! Uhalisi mtupu! Wakusanyaji wa magari ya kale hulipia hiki hasa. Nawaombeni, msiifute hata vumbi."

Akataja kiasi cha mkopo, na Mama Viti akavuta kiti kimoja cha biashara akakaa. Sharti lilikuwa moja: pikapu ikae kwenye ghala la kampuni, isitembee hata hatua.

"Nielewe vizuri, kaka. Nisipolipa, mnaichukua. Nikilipa, mnanirudishia pikapu inayozimika?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Basi naipeleka mnadani."

Nikeli alishika kichwa. "Kuuza urithi wa baba mkwe!"

"Juzi uliuita mkweche."

Kwenye ukumbi wa mnada wa magari ya kale, magari yalikalia zulia na watu walisimama. Bwana mmoja mwenye skafu aliinama akainusa kutu ya mlango kama manukato. Mama mwenye miwani mikubwa aliuliza kama kinyesi cha kuku ni cha wakati uleule wa gari. Pembeni, kampuni ya mikopo iliweka meza yake, ili asiye na pesa asikose nafasi ya kuzitumia.

Nikeli alisema anakwenda kunywa maji. Akarudi na kibao cha namba, kama vya wanunuzi.

"Cha nini hicho?"

"Cha kujipepea."

Dalali akaanza. Skafu akainua kibao, Miwani akainua chake. Dau likafika bei ya lori, likaipita, na Mama Viti akapumua. Kisha Skafu akatikisa kichwa, akamwambia jirani yake, "Aa, hata hivyo ni pikapu tu."

Nikeli alisikia. Mkweche ni neno la mwenye nyumba, si la mpita njia. Kibao kikapaa. Miwani akaongeza, Nikeli akaongeza.

"Shusha mkono, baba!" mkewe alinong'ona.

"Nawachochea tu. Watafuata."

Hawakufuata. Nyundo ikagonga.

Karani wa mnada alikuja mbio. "Mama, pana utata. Mnunuzi si mumeo? Ukitaka tunafuta mauzo, pikapu inasubiri mnada wa msimu ujao."

Msimu ujao wateja wake wangekuwa wamekalia viti vya mtu mwingine. Alimtazama mumewe, aliyekuwa akimsihi kwa macho: futa, futa.

"Nyumbani ni mume wangu," alisema. "Hapa ni mnunuzi. Alipe."

"Mama watoto!"

"Baba watoto, meza ya mikopo ile pale. Nenda kawe tajiri."

Mthamini alimpokea kwa mikono miwili. Pikapu ikawa rehani ya deni la kuinunulia pikapu, ikaenda moja kwa moja ghalani. Kwa kuwa haikutosha, wakamchukua na Malkia, kwa thamani ya shuka lake. Mama Viti alipokea chake, karani akakata ushuru, na kabla ya juma kwisha lori lilikuwa uani, halina historia yoyote, linawaka.

Deni la Nikeli halikutaka hadithi, lilitaka mshahara, na mkewe ndiye aliyekuwa na kazi. Siku za kazi Nikeli alimpakilia mkewe viti. Jumapili alitembea kwa miguu hadi ghalani, akayatazama magari yake kupitia kioo, maana kugusa hakukuruhusiwa, akarudi amefurahi.

Kwenye shughuli ya kwanza, viti vilipangwa kabla ya mgeni hata mmoja kufika. Mteja alimwangalia mwanaume aliyekuwa akishusha turubai, jasho likimtiririka.

"Mama Viti, huyu ni nani?"

"Mpakizi mpya," alisema, akihesabu meza. "Ana magari mawili."