Simba wa Kiti cha Chifu

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, Mwalimu aliingia chumba cha tatu cha makumbusho akigonga sakafu kwa fimbo yake nyeupe, na kila mara alimkuta mlinzi wa chumba ameshasimama kumngoja. Mwalimu alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Presha ya macho ilimpofusha mwaka uleule aliostaafu kufundisha hesabu. Alikuwa akishika kiwiko cha mlinzi, wakizunguka kabati moja baada ya jingine, mlinzi akimsimulia vilivyomo nyuma ya vioo.

Mlinzi alikuwa mgane kwa miaka sita sasa. Binti yake aliolewa mbali, na simu yake ilikuja mara moja kwa mwezi. Jioni, mtu wa mwisho kusikia sauti ya mlinzi alikuwa muuza duka, tena kwa neno moja tu: "Mkate."

Kwa hiyo ziara za Alhamisi alizirefusha. Kiti cha mbao cha chifu hakikuwa na urembo wowote, lakini yeye, katika kusimulia, alikitilia simba wawili kwenye mikono. Mwalimu alicheka, akauliza kama wana meno. Wiki iliyofuata simba wakapata watoto.

Kisha wakaja mafundi. Walibandika sakafuni ukanda wa mpira wenye matuta, wa kufuatwa kwa fimbo, na wakaleta vifaa vidogo vya kuvaa shingoni, vyenye visikilizi vya masikioni. Ukikaribia kabati na kubonyeza kitufe, sauti inakueleza sikioni kilichomo.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu alimsalimia mlinzi, akapita peke yake, mgongo umenyooka. Mbele ya kiti cha chifu alisimama. Akabonyeza kitufe, akasikiliza. Akabonyeza tena.

"Kaka," aliita. "Simba wako wapi?"

Mlinzi alisogea. "Hawapo, Mwalimu."

"Wameondolewa?"

"Hawakuwahi kuwepo."

Mwalimu alimgeukia. "Na ule mtungi ulionisimulia, wenye ufa kama mto?"

"Ufa upo. Huo mto nilitia chumvi."

"Nimemsimulia mjukuu wangu simba hao. Amewachora, amewapeleka shule." Alivua visikilizi, akavishika mkononi. "Miaka thelathini na moja darasani, sikumpa mtoto jibu la uongo eti kwa kuwa hawezi kulihakikisha."

"Kile kiti hakina la kusimulia," mlinzi alisema. "Niliona utaondoka mapema."

"Ungeniambia nibaki. Ningebaki."

Mlinzi aliomba radhi. Mwalimu alisema amesikia, akavaa visikilizi vyake, akaendelea na kabati lililofuata.

Hakuacha kuja. Alhamisi zote alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya binti yake, lakini mkono wake haukurudi tena kwenye kiwiko cha mlinzi. Siku moja, akiwa anatoka, alisimama karibu naye, uso umechangamka.

"Leo nimefika chumba cha saba," alisema. "Miaka yote hii sikujua kama kipo."

"Mimi sipangiwi kule," alijibu mlinzi. "Kuna nini?"

"Ngoma. Kumi na mbili, na zote unaruhusiwa kuzigusa."

"Ungenielezea moja."

Mwalimu alifikiri. "Wiki ijayo, kaka. Leo nimechelewa."

Akaufuata ukanda hadi mlangoni. Mlinzi aliisikiliza fimbo ikishuka ngazi, halafu akageuka kuwaambia watalii wawili wasiegemee vioo.