Kobe wa Amana

Mume wangu Khatibu ana ugonjwa wa usafi, na siku ile nusura ugonjwa wake utuvunjie heshima ya nyumba.

Nilitoka uani asubuhi na birika langu, nikakuta maji ya kobe yamekuwa ya buluu. Jana yake yalikuwa ya kijani kama siku zote, mwani umegandamana mpaka kwenye kingo za lile pipa tulilolikata. Kobe mwenyewe alikuwa ameng'ang'ania ukuta wa pipa, mdomo wazi, akikwaruza bati atoke. Mgongo wake, ambao tangu tumjue ulikuwa na ukoga mnene wa kijani, ulikuwa mweusi tii, umesuguliwa.

"Baba Tamimu! Umetia nini humu?"

Akatoka anajifunga shuka, uso umejaa fahari. "Mrututu kidogo, huu tunaowauzia wakulima wa kahawa. Unaua mwani wote. Na mgongo nimemsugua kwa gunzi la mahindi. Mwenyewe si anakuja leo? Chombo cha watu hakirudi kichafu, Mwanaamina. Sisi watu wa Ujiji tuna adabu zetu."

"Adabu ya kuua? Ptuu!"

Mwenyewe ni Niyonsaba. Mwaka wa sabini na mbili alivuka kutoka Burundi na kikapu kichwani. Mumewe, Reverien, alikuwa ameuawa, na ndani ya kikapu mlikuwa na kobe wa maji aliyekuwa wa huyo marehemu, pamoja na jiwe ambalo kobe hupenda kulilalia. Alipumzika barazani kwetu hapa Kasulu, akaniambia, "Dada, nishikie huyu. Nikipata paa nitamfuata." Nikasema inshallah. Miaka mitatu kila akija sokoni lazima apite kumtazama. Sasa amepata shamba Kagerankanda, nyumba ameshaezeka, na jana zililetwa salamu kwamba leo anakuja kumchukua.

Nikamtoa kobe majini. Shingo ikaning'inia. Niliogopa, sikufichi.

"Akifa," Khatibu akasema polepole, fahari yote imemtoka, "mtoni wapo wengine. Tutashikiwa mmoja. Kobe ni kobe, nani atajua?"

"Mungu atajua! Amana haibadilishwi kama betri ya redio. Hebu lete maji!"

Alikimbia na ndoo kisimani, shuka ameishika mkononi. Tukamwosha kobe kwenye karai, tukamwaga, tukamwosha tena. Nikampanua mdomo kwa kidole nikamdondoshea maji safi. Watu wa Titye walishapita na mihogo yao kwenda sokoni, duka letu bado limefungwa, na wateja wanagonga mlango bila kujibiwa. Kobe akafumba macho. Kisha akavuta kichwa na miguu yote ndani, na mimi sikujua kama ule ni uhai au ndiyo anakata roho.

"Hodi wenyewe!"

Nikaitikia, "Karibu."

Niyonsaba aliingia na kikapu kilekile kichwani, amevaa kitenge kipya. Akatazama pipa lenye maji ya buluu. Akachuchumaa penye karai, akamgeuza kobe huku na huku, na tabasamu alilokuja nalo likapotea.

"Oya, hapana. Siyo huyu."

"Ndiye, dada. Wallahi ndiye."

"Wangu ana kijani mgongoni. Huyu mmemtoa mtoni." Hakupandisha sauti. "Mama Tamimu, wangu alikufa lini?"

Yaani mimi! Mimi niliyekataa kobe kubadilishwa, ndimi ninayegeuzwa mwongo uani kwangu. Nikamgeukia mume wangu. "Sema wewe!"

Khatibu akameza mate. "Ni mimi, shemeji. Nilitia dawa kwenye maji, nikamsugua. Nilitaka umpokee akiwa safi."

Niyonsaba akamrudisha kobe kwenye karai. Akagonga ukingo wa karai kwa ukucha, akatulia, akagonga tena. Marehemu ndivyo alivyokuwa akimwita kobe wake aje ale. Tukatazama. Gamba lilikuwa kimya. Khatibu alikuwa anasoma dua chinichini. Niyonsaba akagonga tena.

Ncha ya pua ikatokeza. Halafu jicho. Halafu shingo yote ikanyooka kufuata kidole chake.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Akamkumbatia kifuani, maji yakamlowesha kitenge. Nikashukuru kwa sauti, nikadhani yamekwisha. Lakini alikuwa anaupapasa ule mgongo mtupu, na machozi yanamtiririka.

"Ule ukijani alitoka nao kwetu," akasema. "Ni wa dimbwi alilomchimbia Reverien nyuma ya nyumba. Kingine chenye uhai kutoka kwetu sikubeba."

Khatibu akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipokumbuka.

"Jiwe! Jiwe lake umelitia wapi?"

"Nililitoa kabla ya dawa. Nikalitupa pale kwenye mtungi."

Nikakimbia. Lilikuwa chini ya mtungi wetu unaovuja, upande wa juu umekauka. Nikaligeuza. Upande wa chini ulikuwa bado unateleza, kijani kibichi: ukoga uleule wa kwao, bado hai.

Niyonsaba alilipokea kwa mikono miwili. Akalifunga kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, akaliweka kikapuni kwanza, ndipo akamweka kobe. Alipokwisha kujitwisha, akamgeukia mume wangu.

"Shemeji, karibu Kagerankanda utusalimu. Lakini gunzi uliache hukuhuku."